Mluzi wa Ngazini

Duka la kuchapa lilikuwa limefurika watu, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake, feni ilipopeperusha karatasi za kijana mmoja hadi chini ya mashine. Msichana wa dukani, gauni la kijani, kalamu kaichomeka kwenye nywele, akainama kuziokota. Hazikuwa na maneno, ni mistari na madoa tu.

"Kaka, haya ni maandishi au nzi wamefia humu?"

"Hizo ni sauti za violini, dada. Ukizichanganya, ukumbi mzima utalia kama paka."

"Basi subiri niwapange paka wako."

Kijana alikuwa mtunzi wa muziki. Alitunga wa filamu, wa kutisha watu na kuwaliza, akiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, skrini mbele, spika kila pembe. Muda uliobaki alitunga muziki wa okestra, ule wa kupigwa ukumbini, ambao ndio aliouota tangu utotoni. Filamu zilimlisha, ukumbi ulikuwa haujamjua. Kesho yake alirudi dukani, na kesho kutwa, mpaka akawa anatoa kopi za karatasi tupu.

"Hii haina kitu," msichana akamwambia.

"Inayo. Imenileta kwako."

Wakapendana. Kijana akamwita msichana Fotokopi, naye akaitwa Mluzi. Na hapa, binti unayesoma, ndipo nataka utulie unisikilize.

Msichana aliishi peke yake ghorofani, na kengele ya mlango wake ilishakufa. Mtunzi akamtungia mluzi mfupi, mtamu, unaopanda polepole kisha unashuka ghafla, kama mtu aliyekosea kukanyaga. Aliupiga kwenye ngazi zile tu. Msichana akiusikia anafungua kabla hajabishiwa.

"Unafungua bila kuuliza ni nani?" mama yake alimwuliza kwenye simu.

"Mama, namjua kwa mluzi wake."

"Mluzi hauna sura, mwanangu."

"Haya, nitaajiri mlinzi kama benki."

Mama hakucheka.

Wakati huo mtunzi alikuwa na filamu ya muuaji anayepanda ngazi za watu. Mwongozaji alikataa kila alichopelekewa. Ngoma alikataa, vinanda alikataa. Siku ya mwisho, kichwa kimemchoka, mtunzi akapiga mluzi bila kufikiri. Mwongozaji akageuka kwenye kiti. "Huo huo," akasema. Na yeye, kwa uchovu na kwa kutaka sifa, akautoa utumike kwenye filamu.

Hakumwambia mpenzi wake. Alitaka iwe zawadi. Siku ya filamu msichana alivaa gauni jipya la zambarau na viatu vya kukopa kwa jirani, wakakaa mstari wa katikati wameshikana mikono. Muuaji akaanza kupanda ngazi. Mluzi ukatoka kwenye spika zote, na ukumbi mzima ukapiga yowe.

"Umeusikia?" alimnong'oneza. "Ni wetu."

Msichana akautoa mkono wake taratibu. "Ulikuwa wetu."

Baada ya hapo mji wote uliujua. Makondakta waliupiga, wanafunzi waliupiga, simu za watu ziliita kwa sauti yake. Msichana akiusikia sokoni, mgongo unamsisimka. Lakini hakumwambia mpenzi wake abadilishe mluzi wa ngazini. Aliona haya kuogopa kitu alichotungiwa kwa mapenzi. Haya hiyo, binti, ndiyo ninayoiogopa kuliko giza.

Jioni moja ya mvua mluzi ulipanda ngazi. Ulipanda vizuri, ukashuka pale pale unaposhuka. Msichana alikuwa anamsubiri mtu wake, chai iko mezani. Akafungua.

Hakuwa yeye.

Mwanamume amelowa, anatabasamu, kiatu kimeshatangulia ndani. "Kumbe unafunguka kirahisi hivi," alisema. "Kila siku namsikia yule wako."

Msichana aliusukuma mlango kwa bega. Jirani, aliyekuwa akinyoosha nguo mlango wa pili, alitoka na pasi ya moto mkononi. "Unamtafuta nani, baba?" Yule mtu akaitazama pasi, akaondoa mguu. Akateremka taratibu, anapiga mluzi.

Simu ya mtunzi iliita akiwa njiani.

"Usije."

"Fotokopi, kuna nini? Nipo karibu, nimeleta mikate."

Akamweleza yaliyotokea.

"Mpenzi, sikujua. Ni wimbo tu."

"Ulikuwa ufunguo wangu. Umewachongea watu wote nakala."

Akakata. Mama yake alikuja na fundi, wakafunga mnyororo mlangoni.

Umaarufu wa ule mluzi ndio uliofanya ukumbi umwite mtunzi hatimaye. Mkuu wa okestra alimwambia waziwazi: "Uweke kwenye muziki wako. Watu wanakata tiketi kwa ajili ya huo."

"Siuweki."

"Basi usitegemee kuitwa tena hapa."

"Nimeelewa, mzee." Kisha akampigia mama wa msichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka nini kwangu?"

"Nina tiketi ya mwanao. Aje asikilize tu."

"Peke yake haendi popote. Leta mbili."

Walikaa nyuma, karibu na mlango. Muziki mzima msichana alikuwa amemshika mama yake kiganja kwa nguvu, akiusubiri ule mluzi utokee. Kila filimbi ilipopanda, alibana pumzi. Filimbi zikashuka polepole, kwa usalama, kama mtu anayekanyaga kwa uangalifu. Muziki ukaisha, haukutokea. Watu walinung'unika kwamba wameibiwa. Msichana alikuwa analia.

Siku ya pili mlango ulibishwa. Hakuna mluzi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Yule wa paka. Ukumbini hawanitaki tena."

Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo. Akaona jicho moja na kipande cha gauni la kijani.

"Nimekuja kukuomba unioe kabla sijakosa na kazi ya filamu," alisema. "Au nikuoe, vyovyote."

Kidole kikapenya kwenye upenyo. Akakivisha pete.

"Na mlango?" mtunzi akauliza.

"Mlango niache niuogope kidogo. Keti hapo ngazini tuongee."

Akaketi. Chini barabarani mtu alipita akipiga mluzi ule. Wote wawili wakasikiliza mpaka akapotea. Hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake, na mnyororo haukufunguliwa.