Lori la Marehemu Kaka

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa giaboksi. Jamaa mmoja alimletea lori kuukuu la otomatiki, alilomnyang'anya mjane wa kaka yake kabla kaburi halijakauka.

"Injini inanguruma, lori haliendi," alilalamika. "Mbona shemeji akilishika linakwenda?"

Fundi aliingia kwenye shimo lenye giza chini ya lori, akamwaga oili ya giaboksi iliyonuka kuungua, akaishusha giaboksi, akabadilisha klachi za ndani yake zilizolika, akajaza oili mpya. Alikuwa angali shimoni, ufunguo wa lori mfukoni mwake, aliposikia injini ikinguruma juu yake. Kisha gia ikaingia: klak! Lori likaruka mbele, likambana ukutani yule jamaa aliyekuwa amesimama mbele yake akisubiri, akapiga ukelele.

Fundi akatoka shimoni, akakimbilia kwenye kabini. Hakukuwa na mtu. Pedali ya mafuta ilikuwa imekanyagwa hadi chini, kisha ikainuka polepole, kama vile mtu ameondoa mguu.