Neno la Kumwinua Mbwa

Asubuhi ile ya Jumanne Leticia alianika mahindi kama mtu mwingine yeyote wa Mjimwema. Jua lilikuwa zuri, jua la mwezi wa saba lenye baridi ndani yake. Alitandaza turubai uani, akamwaga mahindi, akaketi kwenye kigoda kufukuza kuku. Upande wa pili wa michongoma wifi yake Aurelia alikuwa akipepeta. Hawakusalimiana. Walikuwa hawajasalimiana tangu msiba wa Oliva, na huu ulikuwa mwezi wa tatu.

Oliva alikuwa mtoto pekee wa Leticia, wa miaka kumi. Pumu ndiyo iliyomwondoa. Lakini kwenye matanga Aurelia alisimama mbele za watu akasema, "Niliwaambia mimi. Nyumba ile ina kitu." Hakufafanua, wala hakuombwa kufafanua. Watu ukiwapa mfupa, ng'ombe watamtengeneza wenyewe. Tangu siku hiyo Leticia akifika gengeni mazungumzo yanakatika, na anayempa chenji anaiweka mezani asije akamgusa mkono.

Mapajani alikuwa na gemu ya marehemu. Mumewe Edmund, dereva wa lori la mahindi, aliinunua mitumbani: kigemu cha kukunja kama kitabu kidogo cha sala, chenye vioo viwili na tundu la maiki dogo kuliko punje ya ulezi. Ndani yake aliishi mbwa, na mbwa huyo alichezwa kwa sauti. Jina lake hukuliandika popote, ulilitamka kwenye lile tundu mpaka akalizoea. Ukitaka aketi au alale, unamfundisha neno unalolitaka mwenyewe, kwa lugha yako. Ukipuliza, mapovu ya sabuni yanaruka kwenye kioo naye anayakimbiza. Oliva alipuliza mpaka pumzi inamkatika, anacheka na kukohoa kwa pamoja.

Leticia alikuwa ameita kila jina. Simba, Popi, Bosi, Pendo, hata Oliva. Mbwa alimpa mgongo tu. Kitu kimoja alikitaka duniani: kiumbe yule, aliyeijua sauti ya mwanawe kuliko yeyote aliyebaki, ageuke amtazame.

Kuku akaingia kwenye mahindi. Kuku wa jirani.

Leticia akasonya. "Mbwa wewe, Aurelia!"

Kwenye kioo masikio yakasimama. Mbwa akageuka, akaja mbio mpaka mbele, akatikisa mkia.

Ndipo Leticia alipoelewa, na aibu ikampanda mpaka shingoni. Katika nyumba hii Aurelia hakuwahi kuitwa wifi wala shangazi. Ilikuwa "yule mbwa Aurelia" kwenye chai na "yule mbwa Aurelia" kwenye ugali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Oliva alipata mbwa, akampa jina ambalo mbwa huitwa nyumbani kwao. Hakuwa na ubaya wowote, malaika wa watu.

"Aurelia," Leticia akanong'ona. "Kaa."

Mbwa akakaa. Ng'ambo ya michongoma ungo ukaanguka. Leticia akachungulia katikati ya majani. Wifi yake alikuwa ameketi juu ya udongo, miguu imenyooka mbele, pumba zimemjaa kifuani, akiangaza huku na huku kumtafuta aliyemsukuma. Baada ya muda mbwa alisimama mwenyewe. Aurelia naye akasimama.

Mwaka uliopita, kabla hawajanuniana, Aurelia alikuja mlangoni hodi ikitetemeka. "Wifi, kuna mtu ananiita kutoka humu ndani. Ananiamrisha na mwili unatii. Nakuomba, umtafute." Leticia alimcheka mpaka akashika mlango. Kumbe mwanamke wa watu alisema kweli.

Mwenye huruma angekifunga kigemu pale pale na kukitupa chooni. Leticia alikisogeza mdomoni. "Kaa," akasema tena, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe, akacheka.

Alicheka siku nne. Aurelia aliketi bombani katikati ya ndoo za wenzake. Aliketi barabarani, bodaboda ikamkwepa kidogo tu. Siku ya tano, Jumamosi, wanawake wa jumuiya walikuja kumwombea, na hapo uani kwake, saa nne ya asubuhi, Aurelia akanyoosha kidole kuelekea michongoma.

"Ni yule! Mchawi yule! Alianza na mwanawe, sasa yuko kwangu!"

Alianza na mwanawe. Leticia angeweza kumeza mengine yote, hilo halikupita kooni. Akaingia ndani akakifungua kigemu.

Kulikuwa na mchezo mmoja ambao hakuwahi kuujaribu. Alizoea kumsikia Oliva dirishani: "Aurelia, kufa!" Halafu kicheko. Halafu neno lililonong'onwa, midomo ikiwa juu ya tundu. Halafu kicheko tena. Lile neno la pili Leticia hakuwahi kulisikia. La kwanza alilijua.

"Aurelia," akasema. "Kufa."

Mbwa akaanguka ubavu. Nje wanawake wakapiga yowe, na mmoja akalia, "Mayo! Mayo!" bila kukoma.

Hasira ilimtoka mara moja, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. "Basi," akasema. "Amka." Mbwa hakuamka. "Inuka. Simama. Njoo. Twende. Aurelia, wifi yangu, amka." Neno wifi lilitoka kinywani mwake kwa upole baada ya miaka mingi, na halikusaidia kitu. Hospitali walisema moyo umesimama tu.

Walimzika Jumatatu alasiri, nyuma ya migomba ya ukoo, kando ya kaburi la Oliva. Edmund aliwahi akitokea safarini, macho mekundu, hakumtazama mkewe. Waombolezaji walimwachia Leticia nafasi pande zote. Jirani mmoja tu ndiye aliyesimama naye, Biasha, Mwislamu wa Tunduru anayeuza korosho.

Udongo ulikuwa umeanza kurudishwa katekista alipofungua kitabu. "Dada yetu amelala," akasoma. "Siku ya mwisho atafufuka."

Leticia akainua kichwa. Oliva alikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mwaka mzima alikariri akifua, akakariri akiosha vyombo: siku ya tatu akafufuka.

Ndilo hilo, lile neno la pili.

"Dada, unakwenda wapi?" Biasha akamnong'oneza. "Udongo bado."

"Kichwa," akasema, akakimbia.

Kigemu kilikuwa chini ya mto. Taa ya betri ilikuwa nyekundu. Mbwa alikuwa vile vile, ubavuni.

"Aurelia. Fufuka."

Mbwa akafumbua macho. Akainuka.

"Asante Bwana," Leticia akasema, akalia kwa furaha. Furaha hiyo ilidumu pumzi moja. Kupitia dirishani alisikia wimbo wa mwisho. Alisikia makoleo yakipigapiga udongo, yakiulainisha. Walikuwa wamemaliza.

Kwenye kioo mbwa alinusa juu. Akanusa pembeni. Akaanza kuparua.

Leticia akatoka mbio. Akafika kaburini. Fukueni, ndivyo alivyotaka kusema. Neno moja tu. Fukueni, yu hai. Wimbo ukakatika. Watu wote wakamgeukia, wakiwemo wale waliosikia akiitwa mchawi dakika moja kabla Aurelia hajaanguka. Vijana wanne walikuwa wameshika makoleo. Angesema amejuaje? Angetoka hapo akiwa mzima?

"Nini?" Edmund akauliza.

Mdomo wake ulikuwa wazi. Chini ya miguu yao, au ilikuwa ni damu masikioni mwake, kitu kiligonga. Mara moja. Mara ya pili.

"Maji," Leticia akasema. "Nauliza kama wachimbaji wamepewa maji."

"Wamepewa."

Akageuka akarudi ndani.

Mbwa alikuwa akiparua kwa miguu yote miwili. Leticia akabana midomo juu ya tundu. "Kufa," akanong'ona. Alilisema kwa huruma, Mungu shahidi. Lakini sauti ilikuwa imekauka, imekwaruza, sauti ya mtu mwingine. Mbwa hakuitambua. "Kufa. Kufa, wifi. Tafadhali, kufa." Mbwa aliparua tu. Leticia akajaribu kuzima, hakikuzimika. Mbwa aliparua kwa muda ambao wimbo mzima ungeimbwa na kurudiwa. Kisha betri ikaisha na kioo kikawa cheusi, mbwa akiwa bado anaparua.

Arobaini ilipofika fundi alikuja kulijengea kaburi. Alilizunguka mara mbili, akamvuta Edmund kando ya migomba.

"Bosi, udongo wa kaburi hutitia. Huu umetuna."

Edmund alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia amwage zege, na aongeze saruji.

Leticia hakusema kitu, hata siku hiyo. Wako wanaosema amenyamaza kwa majonzi, na Edmund amehamishia nguo zake kwenye lori. Kigemu anacho. Amekichaji kwa mafundi watatu wa Bombambili na hakiwaki. Anachofanya kila asubuhi ni kuchukua sindano na kuzibua lile tundu la maiki. Ndani yake mna udongo mwekundu. Anautoa wote, anafuta kwa kanga, anakiweka juu ya kabati.

Ikifika mchana tundu limejaa tena. Songea haijaona mvua tangu mwezi wa tano, lakini udongo ule ukiushika ni mbichi.