Siku Nne Bila Sindano

Walikutana Kairo, duka la juisi ya miwa, watu wamebanana kaunta. Binti yangu Radwa, gauni la bluu na mtandio mweupe, akaomba maji.

"Kwa muuza miwa unaomba maji?" kijana wa pembeni akamtania. "Kwa mchinjaji utaomba mchicha."

"Nina kisukari, mchokozi wewe."

Kijana akaona haya. Akasema anaitwa Hazem, na kazi yake ni kubuni kifuko chembamba kama ukucha, kinachotiwa seli hai za kutoa insulini, kisha kuwekwa chini ya ngozi.

"Ndiyo unanitongoza hivyo?"

"Wenzangu huleta maua."

Mwaka haukuisha, walikuwa wachumba, na madaktari wamemwekea Radwa kifuko tumboni. Wakamwonya: miezi mitatu asiache sindano, maana seli bado changa, sukari ikipanda zitakufa.

Sikukuu ikafika. Mama yake Hazem akamwalika Radwa kwao Mansura siku nne. Hazem alibaki kazini. Hapo ndipo nilipokosea.

"Sindano ziache," nilimwambia. "Mama mkwe akiziona atasema mwanawe anaoa mgonjwa. Si una kifuko?"

Akaziacha. Akala biskuti za sukari kila alipokaribishwa, akitabasamu. Alirudi anatapika, tukamkimbiza hospitali. Kifuko kilipotolewa, seli zote zilikuwa zimekufa.

Hazem akapiga simu, analia. "Vitundu vya kifuko nilivifanya vidogo mno, mpenzi. Nimeziua mimi kwa kuzinyima hewa."

Radwa akanitazama. Nikatikisa kichwa asiseme, naye akamwambia pole tu.

Miezi miwili alinyamaza, mwenzake akichana michoro yake na kukonda. Mwisho ikamshinda, akampigia, akamweleza yote.

"Kwa hiyo kifuko kilikuwa kizima," Hazem alisema.

"Kizima. Nilimwogopa mama yako."

"Mama yangu? Mwaka wa ishirini anajidunga insulini chumbani, mlango kaufunga, wageni wasijue. Unadhani kazi hii niliianzia wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza."

Radwa akamwomba msamaha.

"Sindano nakusamehe, Radwa. Lakini ulinisikia nikilia, ukaniambia pole."

Pete ya uchumba ilirudi kwa kina Hazem mwezi uleule. Baada ya mwaka ukaja ujumbe wa Hazem: "Kifuko kipya kiko tayari. Nimeomba uwe wa kwanza. Njoo na sindano zako." Alikwenda. Waliomwekea walikuwa wengine, Hazem hakutokea.

Mama mwenzangu, ugonjwa wa mwanao usiufiche. Siku hizi, seli mpya zikiwa bado changa, wageni wakija, Radwa anajidunga palepale mezani, nami ndiye ninayempokea pamba. Hakuna aliyewahi kukimbia.