Nani Aliiba, Wewe au Yeye?

Kwaru! Kwaru!

Mama Kibonge aligutuka gizani. Kulikuwa karibu kucha. Kopo lilikuwa likikwaruza ubavu wa ndoo. Kabla hajafumbua macho vizuri, alikuwa ameshasimama.

"Unataka maji, baba? Lete nikuchotee, utamwaga. Una kiu, eeh? Ndiyo, una kiu."

Kibonge, mwanawe wa miaka minne, alikunywa, akarudi kulala.

"Umeuliza, umejibu," baba Kibonge alisema kutoka ndani ya shuka. "Mtoto kaachiwa kazi ya kumeza tu."

"Lala wewe!"

Lakini yeye mwenyewe hakupata usingizi tena. Kazi ilikuwa imemkaa kichwani.

Mama Kibonge alikuwa afisa wa vijana. Vijana waliovunja sheria, lakini mahakama haikuwafunga, waliletwa kwake. Aliwatembelea nyumbani na kuwasaidia kurekebisha walichoharibu. Sasa alikuwa na msichana mmoja, jina la utani Kibiriti. Kibiriti alivunja kibanda cha fundi cherehani, akaiba sare za shule za wateja. Hakimu alisema apatane na fundi kufikia Ijumaa. Wasipopatana, kesi inarudi mahakamani, na huenda Kibiriti akafungwa.

Walikuwa wameshakutana mara moja. Kibiriti alitazama sakafu. Mama Kibonge akamsemea kila kitu: anajuta, kwao kuna shida, hatarudia. Fundi, mwanamke wa makamo, akasimama na mkoba wake, akamgeukia Mama Kibonge.

"Samahani, mwanangu. Nani aliiba, wewe au yeye? Nilikuja kuombwa radhi na mwizi, naombwa radhi na ofisi!"

Akaondoka zake.

Asubuhi hiyo Mama Kibonge alikuwa na miadi na msimamizi wake. Aliiogopa miadi hiyo. Kwake, msimamizi alikuwa mtu wa kutafuta makosa. Njia nzima alipanga kutaja mazuri tu. Lakini alipokaa ofisini kwa msimamizi, kwenye kiti kinacholia kila ukijisogeza, maneno yakamponyoka.

"Bosi, nimekwama. Mkutano wa Kibiriti umevunjika. Niambie nifanyeje."

Msimamizi alisukuma miwani yake iliyopenda kuteleza. "Wewe unaonaje?"

"Mimi? Si ndiyo nakuuliza wewe?"

Msimamizi akanyamaza. Feni ilizunguka. Mtu akapita nje akipiga mluzi.

Mama Kibonge akachanganyikiwa. Amekasirika? Ananitega? Au hata yeye hajui? Safari iliyopita msimamizi huyuhuyu alimwambia, "Zungumza na fundi, mtulize." Akazungumza mpaka mate yakamkauka. Leo anaulizwa anaonaje!

"Nadhani..." Akaacha. Msimamizi hakumsaidia. "Nadhani Kibiriti hakupata nafasi. Chumba chote nilikijaza mimi."

"Kwa nini?"

"Naogopa atafungwa. Akinyamaza, moyo unanienda mbio."

"Hilo hukuwahi kuniambia," msimamizi alisema taratibu. "Nami sikukuuliza. Nilikupa jibu kabla hujamaliza kusema. Ukaenda ukamfanyia Kibiriti vilevile."

"Kwani kazi yako si kunikagua?"

"Kukagua kupo. Ukimdhuru kijana, nitakuuliza bila kupepesa macho. Lakini hapa pia ni mahali pa kuleta kinachokuchanganya na kinachokutisha, tukitazame pamoja. Ukikificha, kitamwangukia kijana. Hata mimi nina mtu ninayempelekea yangu."

"Wewe, bosi?"

"Ningeshapasuka, mdogo wangu! Haya, niliponyamaza ulijisikiaje?"

"Vibaya. Nilitaka kutoka nje. Halafu nikaanza kufikiri."

"Basi."

"Basi nini?"

Msimamizi akanyamaza tena.

"Aa, bosi! Usinifanyie hivyo tena!"

Wakacheka wote wawili. Kisha wakapanga: kwanza amwandae Kibiriti, kisha mkutanoni aulize na kungoja; kungoja nako ni kazi. Akikwama kabisa, msimamizi atakuwa chumba cha pili, abishe mlango.

Alhamisi alimkuta Kibiriti nyumbani kwao akifua.

"Kesho sitakusemea. Nitauliza, halafu nitangoja. Unataka kumwambia nini fundi?"

"Sijui."

Ulimi ulimwasha Mama Kibonge. Akangoja. Kibiriti alikamua nguo, akaitandaza kambani, akaivuta tena kama imemkosea.

"Yaani sijui nianzie wapi."

"Ungependa kuanzia wapi?"

"Kwenye kufuli," Kibiriti alisema. "Kila kitu kilianzia pale."

Ijumaa fundi alikaa na mkoba mapajani, tayari kuondoka.

"Kibiriti, ilikuwaje?" Mama Kibonge aliuliza.

Kimya. Fundi akaguna. Mama Kibonge akakishika kiti chake kwa mikono miwili. Hakujua kama anafanya kazi au anaiharibu. Alitazama mlango wa chumba cha pili. Akabaki palepale.

"Nilivunja kufuli," Kibiriti alisema, sauti ndogo kama uzi. "Nikaziuza zile sare. Sikufikiria watoto watavaa nini."

"Na mimi nikatukanwa na wazazi wao!" fundi alifoka. "Waliniita mwizi. Mimi!"

"Nitakuja niwaambie ni mimi." Akamwonyesha vidole vyake. "Na vifungo najua kushona. Bibi alinifundisha."

"Vifungo?" Fundi alimtazama vidole kwa muda. "Jumamosi uje tuone. Wazazi utawaambia mbele yangu, kisha utashona mpaka kila mtoto apate sare. Ila mkasi wangu usiuguse!"

"Hata kuutazama?"

Fundi akabana midomo asicheke. Mkoba akauweka chini.

Kesi haikurudi mahakamani. Siku Mama Kibonge alipopita kibandani, alimkuta Kibiriti na uzi mdomoni, fundi akimgombeza kwa kifungo kilichokaa upande. Alitaka kumtetea. Akasalimia tu, akaenda zake.

Kesho yake kabla hakujapambazuka, kopo likakwaruza ndoo. Kwaru!

Mama Kibonge akainuka nusu, akajikalisha tena. Maji yakamwagika. Baba Kibonge akafumbua jicho moja, akamtazama mkewe, akashangaa. Mama Kibonge mwenyewe hakuwa na hakika. Afunge mdomo hadi lini?

Nyayo ndogo zilizolowa zikaja mpaka kitandani.

"Mama, nimechota mwenyewe."