Usiipe Rekodi Jina la Kukodi

Kule Ainabkoi, Mama Jerop alikamua asubuhi bila kuimba. Ndama wa mtamba mweusi alikuwa amekufa. Alizaliwa miguu imepinda, hata kusimama akashindwa.

"Mtamba alipandishwa kwa mbegu ya baba yake mwenyewe," daktari wa mifugo alisema. "Kwani hamna rekodi?"

Rekodi ilikuwepo, na hilo ndilo lililomuuma. Binti yake Jerop ndiye aliyeuundia ushirika wa wafugaji programu ya ukoo wa ng'ombe. Lakini siku ya kupandisha, simu ya mpandishaji ilikataa kufungua rekodi. Akabahatisha.

Jumapili Jerop alikuja kutoka Eldoret na rafiki yake Sylvia, mtunza kumbukumbu katika maktaba ya chuo. Wakaketi jikoni.

"Nielezeni polepole," Mama alisema. "Mimi niliishia darasa la saba, na moshi wa hapa umenila mengine."

Sylvia akatabasamu. "Mama, rekodi zimeandikwa kwa XML. Kila habari inafungwa ndani ya neno lake. Sasa, 'mama' kwa rekodi ya ng'ombe ni ng'ombe aliyezaa. Kwa rekodi ya wanachama, ni wewe."

"Kwa hivyo kompyuta inaweza kunifungia zizini?"

"Ndiyo maana kila kundi la maneno hupewa jina la ukoo, yasichanganyike. Wengi hutumia anwani ya mtandao."

"Nilitumia ya duka letu la mtaa wa Pioneer, mimi na mwenzangu Gerishon," Jerop alisema, macho chini. "Programu ilikuwa inaenda hapo kusoma maana ya maneno. Lakini anwani ni ya kukodi. Duka lilipofungwa, mtu mwingine akaichukua. Saa hii kuna kamari hapo."

Mama alisogeza kuni motoni. "Wewe ulipozaliwa, akina kogo, nyanya zako, walitaja majina ya waliotutangulia mpaka ukapiga chafya kulikubali moja. Hiki chako ukakipa jina la duka."

"Chagua jina lisilotaja duka, mtu wala mwaka," Sylvia alisema. "Vitu hivyo hubadilika. Kisha lisajili kwa watunzaji wa majina ya kudumu. Liwe la ushirika, na wasimamizi wawili, si wewe peke yako. Maelezo ya maneno yakihamishwa, unawaambia yamehamia wapi. Jina haliguswi. Na programu ikae na nakala yake ya maelezo, isitegemee mtandao."

Ushirika ukasajili jina. Jerop akasahihisha rekodi zote za ofisini. Lakini nakala zilizouzwa pamoja na ng'ombe hadi Burnt Forest zingali na jina la zamani. Anazifuata boma kwa boma, na nyingine hatazipata.

Mpandishaji aliporudi kwa yule ng'ombe mweusi, alifungua simu, akasoma, akairudisha mbegu kwenye mtungi.

"Fahali wa mbegu hii ni baba yake, Mama. Nitaleta ya mwingine."

Ilikuwa kazi ya dakika moja tu. Mama Jerop alimshukuru. Jerop alikuwa amesimama kando. Hakuna aliyemlaumu, lakini aligeuka akaenda kuegemea ua, pale walipomzika ndama.