Kiti cha Ruweida

Ubeti ule haukuwemo katika mchezo, na Raniya aliuimba.

Ilikuwa alasiri, katika ukumbi wa kikundi pale Wete. Hafiz, mwongozaji, alikuwa amekaa kiti cha mbele akimtazama nyota aliyemleta kutoka Unguja akifanya mazoezi yake ya kwanza. Mpaka hapo hakuona la kumfurahisha. Nyimbo za Raniya zilipigwa redioni kuanzia Mkoani mpaka Konde, vijana walikuwa na picha zake kwenye simu, lakini jukwaani alisimama kama mtu anayengoja gari. Alisahau maneno. Alianza kabla ya ngoma. Sauti yake, bila ya mashine za studio, ilikuwa nyembamba na ilikatika katika kila mstari mrefu. Nyuma ya pazia waigizaji walikuwa wameshaanza kunong'ona.

Ndipo akafumba macho akaimba mistari ile minne. Ruweida, mke wa Hafiz, aliitunga papo hapo jukwaani katika onyesho lake la mwisho. Haikuandikwa popote, na hakuna aliyeirekodi. Raniya na Ruweida hawakuwahi kuonana.

Jecha, mpiga kinanda, aliondoa vidole vyake. Sauti iliendelea peke yake, nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwisho wa kila neno. Ilikuwa sauti ya Ruweida.

"Huo nani kakufunza?" Hafiz aliuliza.

Raniya alipepesa macho. "Upi, Mwalimu? Si ndio ulivyoandikwa?"

Ukumbini pakaanza kunukia asumini, ile iliyolala kwenye maji siku nyingi mpaka ikaoza.

Kwa miaka mingi Ruweida ndiye aliyekuwa bibi harusi katika mchezo wa nyimbo uitwao Harusi ya Ole, na watu walikuja kutoka mashamba kumsikia. Walisema sauti yake si ya mtu mmoja, na walisema hivyo kwa kumsifu. Lakini Ruweida alikuwa kiti, kama mafundi wa majini wanavyomwita mtu aliyepandwa. Alirithi jini kwa bibi yake wa Kiuyu. Mimba yake ya kwanza ilitoka usiku wa onyesho, na ya pili vilevile. Alipobeba ya tatu, Hafiz alimpeleka Shumba kwa Bi Mwanakhamis, fundi aliyejulikana Pemba nzima, naye alifukiza, akasoma, akabishana na kilichokuwemo mpaka kikashuka.

"Huyu hataki mtoto karibu na kiti chake," Bi Mwanakhamis alimwambia Hafiz siku ile. "Ataka apambwe yeye, atazamwe yeye, apigiwe makofi yeye. Mtoto humwonea wivu mpaka amuue. Sasa sikiliza, mwanangu. Ile nafasi ya bibi harusi uifunge. Ukimkalisha mwengine pale, umempa kiti."

Hafiz aliitikia, na wakati ule alikusudia kweli. Kisha wakubwa wa tamasha la Unguja wakapiga simu. Waliutaka mchezo, lakini bila ya Ruweida walitaka jina ambalo vijana wanalijua, au wachukue kikundi chengine. Waigizaji wa Hafiz walikuwa wanapukutika mmoja mmoja, huyu kenda kuuza simu, yule kenda kulima mwani. Alijiambia maneno ya fundi yalikuwa ya Ruweida tu. Alimpigia Raniya, na la jini hakulitaja.

Jioni ile alimkuta mkewe amekaa kitandani, mikono yote miwili juu ya tumbo. Tangu jini aondoke, Ruweida alizungumza kwa mnong'ono tu, kama mtu mwenye mafua yasiyopona.

"Nani umemkalisha?" aliuliza.

"Wapi?"

"Usinifiche, Hafiz. N'lilala mchana wa leo nikamsikia. Yuko ukumbini, aimba kwa koo langu." Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Kapata mtu. Na akimkosa huyo, atarudi kwangu. Mwengine sina wa kumpa, ila huyu wa tumboni."

Siku zilizofuata Raniya aliimba vizuri kuliko mwigizaji yeyote aliyewahi kukanyaga jukwaa lile. Manung'uniko yakakoma. Asma, aliyeigiza mama wa bibi harusi, ndiye peke yake aliyemvuta Hafiz pembeni.

"Mwalimu, huyu hali," alisema kwa sauti ya chini. "Sahani yake hurudi kama ilivyokwenda. Na jana n'limfunga kanga za harusi nikaona mgongo wake unatoka moto, wallahi kama kaa. Nikamwuliza, unaumwa? Akanijibu, 'Nimengoja siku nyingi kupambwa tena.' Sasa hayo ni maneno ya mtu?"

"Kachoka," Hafiz alisema.

"Haya," Asma alisema, na hakumtazama.

Kisha ikaja magharibi ile ambayo umeme ulikatika katikati ya wimbo wa kuagwa bibi harusi. Kinanda kilinyamaza, feni zikasimama, na kizani Raniya akaendelea kuimba, naye Hafiz mwanzo alifurahi, akaona huyu sasa ni msanii kweli, mpaka alipogundua kuwa sauti ile haijavuta pumzi tangu taa zizimike, kwamba mstari umeingia katika mstari na ubeti katika ubeti bila ya mwanya hata wa kumeza mate, na kwamba msikiti wa jirani umeanza adhana na sauti haikukoma, bali ilipanda juu ya adhana kama inayoshindana nayo, huku ile harufu ya asumini iliyooza ikizidi mpaka watu wakaziba pua, na kila mmoja akawa anamtafuta mwenziwe kwa mkono, na wa nyuma wakisukumana kuuelekea mlango ambao ghafla haukuonekana uko wapi. Asma aliwasha tochi ya simu akammulika Raniya usoni.

Midomo ya Raniya ilikuwa imefungwa.

Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye shingo, macho yakimwomba Hafiz, na midomo ilikuwa imefungwa kabisa, na wimbo bado ulikuwa umeujaza ukumbi mzima.

Alipoanguka, sauti ilikatika.

Asubuhi Hafiz alimpeleka Shumba. Bi Mwanakhamis alimlaza juu ya mkeka, akamfunika shuka nyeupe, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Raniya alitetemeka, kisha akacheka kwa sauti ya Ruweida.

"Salaam alaykum, Hafiz. Mke wangu hajambo?"

Hafiz alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Zungumza na miye," fundi alisema. "Huyo mwache. Wataka nini?"

"Nimekaa. Sitaki kitu."

"Hukukaribishwa."

"Nimekaribishwa na huyo aliyesimama ukutani. Nitoe, bibi, kama waweza. Njia ya zamani naijua. Naijua mpaka mlango wa chumba, na naijua miezi yake, keshafika wa nane."

Raniya akalegea, akalala. Bi Mwanakhamis alijifuta jasho.

"Miye sikukwambia?" alimwuliza Hafiz, bila ya ukali, na hilo lilimuuma zaidi.

"Uliniambia, bibi."

"Nikimtoa kwa nguvu, atakwenda nyumbani kwako. Hilo kalisema mwenyewe na mkeo hatolistahamili. La pili ni kiti chenyewe kiridhie, akae naye kwa masharti, na mkeo atapona. Lakini kuridhia ni kwa aliyeambiwa kila kitu. Naenda kusali. Akiamka, umwambie yote. Nikirudi, anijibu yeye."

Raniya aliamka akaomba maji. Hafiz alimpa. Alimweleza habari ya jini, ya bibi wa Kiuyu, ya sauti. Alimwambia atahitaji udi kila Ijumaa, atahitaji kupambwa, na hatolala vizuri. Raniya alisikiliza bila ya kushangaa, kama mtu anayesomewa jambo analolijua.

"Mwalimu, nikwambie na mimi," alisema. "Hizo nyimbo mnazozisikia redioni ni za zamani. Nilipasuliwa koo. Tangu hapo studio hawaniiti, na jina ndilo lililobaki. Ulipopiga simu nililia. Nilijua nitaaibika mbele ya watu, lakini nilikuja kwa sababu hakuna mwengine aliyepiga." Alijishika shingo. "Nikiimba na huyu naogopa mpaka nataka kufa. Na nikinyamaza, nataka aimbe tena. Kuna jengine la kuniambia?"

Lilikuwepo, lile la mtoto. Hafiz alilihisi mdomoni. Alimtazama mkononi, hakuona pete. Alimwona ni msichana wa mjini, peke yake, hana wa kumpoteza. Akaona tumbo la Ruweida, na vile vidole baridi.

"Hakuna," alisema.

Bi Mwanakhamis aliporudi alisimama mlangoni. "Kishakwambia yote?"

"Kishaniambia."

"Waridhia?"

"Nimeridhia."

Fundi alimtazama Hafiz kwa muda, kisha akainama kuwasha udi.

Jioni ile ile Ruweida alimwita mumewe kwa sauti kamili. Ilikuwa sauti ya kawaida, haikuwa tena ya jukwaani, na alicheka aliposikia ilivyo. Alikula mpaka akaomba aongezwe. Mtoto alicheza tumboni usiku kucha, na Hafiz aliweka kiganja chake pale akalia kimya. Onyesho la Wete lilijaza watu mpaka madirishani. Waliompenda Raniya wa redioni waliondoka wakisema hawakuwa wakimjua.

Raniya alitangulia Unguja kabla ya kikundi. Hafiz alimsindikiza mpaka bandarini Mkoani, akambebea begi mpaka kwenye geti la abiria. Raniya alikuwa amepaka wanja, amejifukiza, amependeza. Kwenye foleni alitoa kifurushi ndani ya mkoba akakifungua kidogo kumwonesha gauni dogo la manjano lenye marinda.

"Zuri?" aliuliza.

"La nani?"

"La Safaa, mwanangu. Analelewa na mama, mimi si nilikuwa nikihangaika. Sasa kazi imerudi, nimemwambia mama amlete bandarini leo. Nakwenda kukaa naye mwenyewe."

Hafiz alilitazama lile gauni. "Una mtoto?"

"Ana miaka mitatu."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, Mwalimu." Alicheka, akamshukuru kwa kila kitu, na foleni ikasogea.

Angeweza kumshika mkono. Alikuwa karibu kiasi hicho. Alifumbua mdomo, akaiona njia ya zamani mpaka mlango wa chumba chake, akafumba mdomo. Wachukuzi walipita baina yao na mizigo ya karafuu. Alipomwona tena alikuwa ndani ya meli, akimpungia kwa lile gauni.

Daraja la meli lilipovutwa ndipo miguu yake ilipomtii. Alikimbia mpaka getini akipiga kelele kwamba warejeshe meli, kuna mtu anashuka, kuna mtoto, warejeshe. Askari wa getini alimshika kifua. Hafiz alitoa simu, akapiga. Iliita kwa muda mrefu.

"Raniya! Sikiliza, nilikuficha. Usimguse mtoto. Mwambie mama yako asimlete, wasije bandarini. Raniya!"

Upande wa pili palisikika mngurumo wa injini, na watu wakizungumza, na vicheko vya watoto wa watu wengine. Kisha sauti aliyolala nayo chumba kimoja miaka yote ile ilimjibu taratibu.

"Usipige kelele, Hafiz, utamwamsha. Kachoka, kalala. Mtoto nitampokea miye."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupatikana, wala tena, wala tena, na meli ilikuwa imeshageuza uso kuelekea Unguja.

"Umesahau mzigo, kaka?" mchukuzi mmoja alimwuliza.

Hafiz alikaa chini pale pale, juu ya saruji yenye moto.