Barua Ndani ya Soksi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kliniki ya macho alikofanya kazi mama yake, muuguzi. Aliketi kwenye benchi la mwisho, akafungua madaftari na kupiga soga na wagonjwa mpaka mama avue koti lake jeupe. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Jumatatu hiyo, hata hivyo, alikaa kimya kama maji mtungini. Ndani ya soksi yake ya kushoto mlikuwa na barua.

Mwalimu wa Kiingereza alimpa asubuhi, imekunjwa mara nne. "Mpe mama mkononi," alisema, na Chiriku akahisi ametazamwa kwa jicho la pembeni. Wiki iliyopita mkebe wa hesabu wa kiranja ulipotea darasani. Kwa nini barua ije sasa?

Wakati wa mapumziko alimwonyesha rafiki yake, msichana aliyeitwa Kamusi kwa sababu hakukubali kushindwa na neno lolote. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa kama nyayo za kuku. Kamusi akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa pameandikwa 'instilled'. Unasikia hiyo 'steal'? Ni kuiba. Mbele yake 'honesty', uaminifu. Halafu 'daughter', yaani wewe." Akashusha sauti. "Shoga, umeandikwa mwizi."

"Sijaiba kitu."

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa."

Tangu hapo Chiriku hakuwa na raha. Kiranja akicheka, alidhani anachekwa yeye. Mwalimu akihesabu vitabu, alijua anahesabu kwa sababu yake. Hata Kamusi alianza kumtilia shaka: mbona aliamini upesi hivyo?

"Mwalimu wako hajakupa barua?" mama aliuliza Jumanne. "Aliniambia ataniandikia."

"Hajanipa, mama."

Akainama, akaivuta soksi yake juu.

Alhamisi, pale kliniki, mzee mmoja fundi saa alimnyooshea kichupa cha dawa. "Mjukuu wangu, nisomee. Macho yangu bado yana ukungu."

Chiriku akasoma: "Instil one drop in each eye." Neno lile la kwenye barua! Dawa nayo inaiba nini? Akamwendea mama na kumwuliza maana ya neno lile.

"Ni kutia tone moja moja," mama alisema. "Dawa ya jicho haimiminwi kama maji ya kuoga. Hutumika pia kwa mawazo na tabia: kumtia mtu jambo kidogo kidogo mpaka limkae moyoni. Ila angalia, kinachotiwa ni heshima au bidii, si mtoto mwenyewe. Mtoto ndiye anayetiwa hayo moyoni."

Chiriku aliinama, akavuta barua kutoka kwenye soksi. Ilikuwa imelowa jasho. Mama aliifungua, akaisoma polepole kwa Kiswahili:

"Umemtia binti yako uaminifu. Ndiyo maana nataka kumkabidhi ufunguo wa kabati la vitabu. Je, unaridhia?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Siku tatu," mama alisema taratibu. "Ukanitazama usoni ukasema hujapewa."

"Nilidhani ameniita mwizi."

"Basi kesho utamweleza mwenyewe. Yote, na uongo wako pia."

Ijumaa Chiriku alieleza yote, machozi yakimlengalenga. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Mkebe ulikuwa chini ya kitanda cha kiranja, nyumbani kwao," alisema. "Hakuna aliyekushuku. Ila ufunguo nitakaa nao mwezi mmoja kwanza, kwa ajili ya ule uongo. Rafiki yako alikutia tone moja la shaka, mwanangu. Yaliyobaki ulijidondoshea mwenyewe. Siku nyingine neno likikutisha, uliza maana yake kabla hujalificha."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Chiriku, na kwa mara ya kwanza wiki ile akapumua vizuri.